Majani Katika Kengele ya Mbwa

Mpendwa Yaya, mke mwenzangu mkubwa,

Haya hazikushiki? Mtu mzima kama wewe, mwenye mvi mpaka kwenye nyusi, unamfunga mbwa nje, tena huko Wamaza ambako chui anapita kama mwenye shamba. Na maji wanakuwekea asubuhi, jioni wanayakuta kibuyuni vilevile. Nani alikufundisha ujinga huo? Si mimi. Mama mkwe wetu alikuwa nao, na wewe ndiwe uliyeumaliza. Leo unauokota tena ulikoutupa.

Usiulize nani ameniletea habari. Yule muuza chumvi mwenye baiskeli alilala kwenu, kisha akafika hapa Kasongo, nikampa ugali na sombe, naye akanilipa kwa maneno. Akasema nyumba ya mwanao inanuka mkojo, mkwe wako analalamika, mbwa amefungwa kwenye nguzo nyuma ya jiko, na wewe mwenyewe ulishika kamba. Akala matonge mengine, ndipo akasema, kama mtu anayesema mvua imenyesha, kwamba yule mama mzee siku hizi hanywi maji, eti yanamuuma tumboni. Kwake zilikuwa habari mbili. Kwangu ilikuwa moja, na niliijua kabla hajameza. Sombe iliyobaki jikoni ikaungua, nami sikuinuka.

Basi chukua karatasi hii uende nyuma ya jiko, uketi, uisome peke yako. Usimpe mjukuu akusomee. Herufi hizi nilikuchorea mimi kwa mkaa kwenye ukuta wa jiko letu, mimi ambaye mupe, padri wetu, alinitoa kwenye benchi lake la katekisimu siku aliposikia nakwenda kuwa mke wa pili wa mtu. Nilikuwa nimefika katikati ya kitabu, na tangu hapo naandika kwa kile kilichomo katikati ya kitabu. Nimeandika makubwa makubwa ili usisingizie macho. Karatasi ziko mbili. Hii ni yako. Ile nyingine nitakwambia ya nani.

Unakumbuka nilivyoingia kwenu? Nilitoka Nyangwe na kiburi changu kichwani pamoja na sufuria. Nyumba ya mama yangu mzazi ilikuwa na sakafu ambayo mtu angeweza kumwaga wali juu yake akala, na mimi nilidhani dunia nzima itaniheshimu kwa sababu ya sakafu hiyo. Nikawakuta ninyi kwenye barabara ya Kabambare, nyumba zimepangwa mstari kama serikali ilivyoagiza, paa la huyu linagusa paa la yule, na pua ya jirani iko ndani ya chumba chako. Asubuhi ya kwanza nikasikia harufu. Nikafurahi, Yaya. Nikajisemea: kumbe mke mkubwa ni mchafu, huyu nitampita upesi.

Halafu nikaanza kumtazama mama mkwe. Alikuwa anaketi mlangoni na fimbo yake, akipokea wageni wa mume wetu. Yeye ndiye aliyewapa watoto majina, na msibani aliketi mbele ya wanawake wote. Jua lilikuwa kali, ni wakati wa kupalilia ile pamba ya lazima ya serikali, sisi tunarudi shambani tunakunywa mpaka matumbo yanacheza, na yeye midomo imepasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Ukimpa maji anasema ameshakunywa. Chakula akakiacha, kwa sababu bila maji hakishuki. Mikono yake ikawa myepesi. Nilidhani ni uzee tu.

Wewe ukanipeleka mtoni. Hukuniambia kwa nini tunakwenda na nguo chache hivyo. Tulipofika ukafungua furushi, na ile harufu ikatoka mle ndani, kwenye kikwembe chake kile cha kuvaa msibani. Ukaniambia mama hawezi tena kuzuia mkojo, ndiyo maana ameacha maji, na kwamba tusipofanya neno atakufa kwa kiu katika nyumba yenye mitungi. Nikauliza kama tumwambie mwanawe. Ukanitazama kama nimekutukana. Ukasema:

"Aibu ya mama haipiti kwenye kinywa cha mukwe."

Ulijua kilichokuwa kinamwogopesha. Alikuwa ameona dada yake mkubwa alivyohamishiwa kibanda cha nyuma, akawa anasogeziwa chakula kama kuku wa kutaga, watu wakisema kwa upole kwamba amerudi utoto. Hakuna aliyemtukana. Walimzoea tu kule nyuma, wakaacha kupita kumsalimu. Mama alikuwa amechagua kiu kuliko kile kibanda.

Kisha ukaaga, ukaenda kwa kaka zako Lusangi, ukarudi na kikapu cha mihogo kisicho na mihogo. Ndani kulikuwa na mbwa mdogo, mwekundu, mkia umepinda kama ndoana, wa ile mbegu yetu isiyobweka. Mume wetu akafurahi, mwindaji akipewa mbwa na shemeji zake anakuwa kama amepewa shamba. Hakuuliza mengi. Na kwa sababu ya chui, mbwa mdogo analala ndani. Ndicho ulichotaka.

Ukampa jina wewe mwenyewe. Kwetu mbwa hapewi jina bure. Jina la mbwa ni barua kwa jirani: neno usiloweza kumwambia mtu usoni, unamwitia mbwa kwa sauti kila asubuhi, na mwenye kusikia anasikia. Ukamwita Nisingizie. Mstari wote ukasema umempiga Mama Salima, jirani yetu wa upande wa jua, aliyekuwa amesema kuna mkono unaochuma ndimu zake bila kuomba. Mama Salima naye hakulala na deni hilo. Yeye ni Mwislamu, mbwa hafugi, basi akamchukua jogoo wake akamwita Tutaona. Ikawa alfajiri wewe unaita Nisingizie, yeye anajibu Tutaona, na watu wanaokwenda pamba wanacheka njia nzima. Hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba jina lile halikuwa barua ya jirani. Lilikuwa kazi ya mbwa. Ulimwajiri asingiziwe.

Na mwanzoni aliifanya vizuri. Mtoto wa mbwa ni mtoto wa mbwa. Siku moja wageni wamejaa, yeye akachuchumaa katikati ya sebule akaachia. Mama akainua fimbo, akamwambia mbele ya watu wote, "Nisingizie, wewe huoni haya, mu nyumba ya watu?" Sauti yake ilikuwa imerudi, ile ya msibani. Kisha akageuka akaomba maji. Akanywa kibuyu mpaka chini, akaomba tena. Wewe ukageukia ukuta ukajifanya unatafuta ufagio. Ufagio ulikuwa mkononi mwako, Yaya. Niliuona.

Kazi ya harufu ikawa yangu, na hapo ndipo nilipojua kwamba mama yangu wa Nyangwe hakunifundisha yote. Nilitia jivu. Sisi tunaamini jivu linamaliza kila kitu: linamaliza wadudu, linamaliza mafuta ya sufuria, basi na mkojo. Jivu likakutana na mkojo, kikatoka kitu kinachochoma macho kama kitunguu kilichooza, wewe ukakohoa, mama akakohoa, mbwa peke yake akaona ni pazuri, akarudi palepale. Nikapaka udongo mpya juu yake, laini, mzuri. Harufu ikalala. Mvua ya kwanza ikaiamsha, ikatoka na nguvu ya mtu aliyelala vizuri.

Mama Salima alikuwa anasimama mbali, kitambaa puani. Aliogopa mbwa asimrambe akapoteza udhu wake. Kwa huko mbali akanifundisha bila kujua. Akasema wao mbwa akigusa chombo wanakiosha mara nyingi, na mara moja wanakiosha kwa udongo. Udongo, si jivu. Nikalala na neno hilo. Asubuhi nikachukua jembe dogo nikachimba pale mahali, nikachimba mpaka udongo ukanuka udongo, nikautupa mbali kupita choo. Nikanyunyiza maji ya ndimu. Nikajaza udongo wa kichuguu uliotwangwa, nikaupiga, nikausugua kwa jiwe la mtoni. Mchana ule hakuna aliyejua kwamba pale palikuwa na kitu. Na mbwa akapita akinusa, akaona hapamwiti tena.

Tangu siku hiyo nasema hivi na wajukuu zangu wamenichoka: mkojo unachimbwa, aibu inafunikwa. Watu wengi wanageuza. Mkojo wanaufunika, aibu ya mwenzao ndiyo wanayoichimba.

Lakini kulikuwa na mume wetu. Mungu ampumzishe, alikuwa na dosari moja, alijua kufundisha mbwa. Kila alfajiri alimbeba nje, akasimama naye kwenye majani mpaka amalize, akamsifu, akampa ngozi ya samaki. Mbwa akila, nje. Mbwa akiamka, nje. Akikosea hakumpiga. Alisema mbwa anayepigwa kwa sababu ya mkojo hajifunzi kutoka nje, anajifunza kujificha. Akamvalisha kengele ya mti shingoni, ile ya kuwindia, na Nisingizie kwa akili zake akajifunza kwenda mlangoni na kutikisa shingo. Koko, koko, koko. Mlango unafunguliwa, anatoka, anarudi. Mstari wote ulisikia. Mume wetu akatembea siku hizo kama aliyepewa medali na Bula Matari, ile serikali ya wazungu.

Na sisi wawili tukaangaliana. Tulikuwa na mbwa mwema ndani ya nyumba, na mbwa mwema hakutufaa kitu.

Mama Salima akiwa anachuma ndimu akatuambia juu ya ua, kwa kicheko, "Imbwa yenu iko na adabu kupita watu. Sasa ile harufu iko ya nani?" Alisema kama mzaha, lakini mama alikuwa mlangoni. Jioni ile kibuyu chake kilibaki kimejaa. Na kesho yake. Ulimsihi kwa uji wa maji maji, akaonja kidogo akasema umetia chumvi nyingi. Hukuwa umetia chumvi.

Ndipo ukafanya lile ambalo mimi, pamoja na katikati yangu ya kitabu, nisingeliwaza. Wawindaji wakienda porini wanajaza majani katika kengele za mbwa, zisilie njiani zikafukuza nyama. Wakifika mahali pa kuwinda wanayatoa. Ulikuwa umeliona hilo tangu utoto wako Lusangi. Jua likishuka, Nisingizie akiingia ndani, ukawa unampapasa shingo kama unampenda, na kidole chako kinasukuma majani. Asubuhi unampapasa tena, unayatoa. Katikati ya hapo mbwa anakwenda mlangoni, anatikisa shingo, kimya. Anatikisa tena. Anatutazama. Mwishoni anakwenda kando ya mlango wa chumba cha mama, anaachia huku mkia uko katikati ya miguu. Nilimhurumia, nakwambia kweli. Lakini mama alikunywa. Alikunywa, akala, akamgombeza mbwa, akanigombeza na mimi kwamba wali wangu hauna chumvi. Sijawahi kufurahia kugombezwa kama siku zile.

Mume wetu akavunjika moyo. Mbwa aliyejua sasa anarudi nyuma. Akaanza upya: alfajiri nje, jioni nje, ngozi ya samaki. Mchana mbwa anafaulu, akilala ndani anaanguka. Mwindaji ana imani yake: mbwa anayesahau mlango, kesho atasahau na njia ya nyama, na keshokutwa atamwacha bwana wake mbele ya nguruwe wa porini. Alimvumilia mpaka akachoka. Na wiki ile ndiyo chui alikuwa amechukua mbuzi wa Mama Salima, tukakuta kwato tu kwenye mihogo.

Jua lilikuwa bado juu ya mchikichi alipochukua kamba. Akamtoa Nisingizie akamfunga kwenye nguzo ya kichanja cha mihogo, na sote tulijua maana yake: asubuhi itabaki kamba. Mimi nimesimama na mwiko. Wewe umesimama na unga mikononi. Tungesema nini? Tukimtetea mbwa tutaulizwa kwa nini, na jibu la kwa nini lilikuwa limeketi mlangoni na fimbo yake.

Mama akainuka. Alikuwa hajainuka peke yake tangu mvua zilizopita. Akatembea mpaka kwenye kichanja, akashika nguzo, akamwambia mwanawe taratibu, kama anayemwomba moto:

"Mutoto yangu, kama unafunga imbwa inje, unifunge naye. Tuko na kosa moja."

Mume wetu hakuelewa. Alidhani ni huruma za wazee, akafungua mdomo amtulize. Ndipo mbwa, akimwona mama karibu, akatikisa shingo kuomba, kama alivyofundishwa. Kengele haikulia. Mwindaji anajua kengele yake. Akainama, akatia kidole, akatoa majani, mabichi, ya siku ileile. Akayatazama mkononi. Akakutazama wewe, akanitazama mimi, akamtazama mama, kikwembe chake, mahali alipolowa.

Sijasahau alichofanya. Aliyachukua majani yale akayarudisha ndani ya kengele, kwa dole gumba lake mwenyewe, akayashindilia vizuri kushinda ulivyokuwa ukifanya wewe. Akafungua kamba. Akasema, "Ingia, Nisingizie. Lakini kesho utachota maji wewe mwenyewe." Mama ndiye aliyeanza kucheka. Halafu wewe. Mimi nilikuwa nalia, na nilisema ni moshi, na jiko lilikuwa limezimika.

Hatukulizungumza kamwe, hata chumbani. Lakini kila asubuhi, kabla hajamsalimu mtu, alisimama mlangoni akielekea barabarani, akamgombeza mbwa kwa sauti ya kapita, msimamizi wa pamba. "Nisingizie, tena? Nyumba yangu umeifanya mto?" Na upande wa pili Tutaona anaitwa. Mama anasikiliza mle ndani, na kibuyu kiko karibu na mkono wake.

Yule Mama Salima naye, nina neno lake. Tangu wakati ule ndimu zilikuja bila kuombwa, zimewekwa kwenye jiwe la uani. Na siku mama alipofariki, alikuja akaketi chini karibu na Nisingizie, mbwa akamramba mkono, naye hakuuondoa. Alilia mpaka akatosheka. Kisha akaenda nyuma, akaosha mkono wake kama dini yake inavyomwagiza, akachukua na udongo, bila kulalamika. Sijui alijua tangu lini. Nadhani pua ile haikukosea hata siku moja.

Mama alifia sebuleni, Yaya. Watu walipita mlangoni kumsalimu mpaka asubuhi yake ya mwisho, na midomo yake ilikuwa na maji. Hakukijua kibanda cha nyuma. Mtu mmoja alilipa, na mtu huyo ni wewe.

Sijakushukuru. Tumezeeka, mume tumemzika, wewe ukamfuata mwanao Wamaza na mimi nikabaki kwa wangu hapa, na neno hilo bado liko kinywani mwangu kama mwiba wa samaki. Uliitwa mchafu. Wewe uliyefagia kabla ya jogoo wa mtu yeyote, ulikwenda mtoni na nguo za mama ukisema kwa sauti ni magunia ya mbwa, na wanawake wakasogea wasikae chini ya maji yako. Sokoni Kabambare walikuwa hawanunui unga wako. Nilitaka kuwapasua midomo. Ukanishika mkono ukasema, "Nina bwana, nina watoto, nina jina ya kutosha. Waache wakule kidogo." Mimi niliyekuja na sakafu ya mama yangu kichwani, siku hiyo niliitua.

Asante kwa yule mbwa. Asante kwa majani. Asante kwamba ulinipeleka mtoni ukaniambia, na ungeweza kunificha kama mgeni. Ulinifanya mtu wa nyumba ile.

Na sasa wewe, wewe hasa, unaacha maji. Usinidanganye habari za tumbo. Mwili umezeeka, umefanya kama wa mama, na wa kwangu unakuja nyuma yako, siku hizi nikicheka nabana miguu. Ni nini hapo cha kufia? Ulidhani ukimfunga mbwa utaonekana msafi mbele ya mkwe wako. Ukimfunga mbwa, Yaya, umebaki peke yako na harufu. Ulijua hivyo ulipokuwa kijana, uzeeni umesahau?

Mwanao hajui kitu. Alikuwa mdogo, mpaka leo anawasimulia watoto wake habari za mbwa wa baba yake aliyekuwa mkaidi kwa mkojo. Mwache hivyo hivyo. Karatasi hii itie motoni ukimaliza. Ya pili uende nayo sebuleni, umwite yeye na mkewe, uisome kwa sauti, jirani naye asikie. Umesikia? Inuka.

*

Mwanangu, na wewe mkwe wangu,

Mimi mama yenu mdogo nasema kutoka Kasongo, na sitasema mara ya pili. Nimesikia mbwa wenu anakojoa ndani. Mbwa wa ukoo wenu wako hivyo, hata baba yenu mwindaji alishindwa. Mfungueni leo kabla jua halijashuka, maana hamna haja ya kumlisha chui. Alale chumbani kwa mama yenu, kando ya mkeka wake, kila siku. Mzee wa kwetu halali bila mbwa.

Asubuhi mkikuta palipolowa, ni mbwa. Asiulizwe mtu, wala mbwa asipigwe. Mkwe wangu, usitie jivu, litakutoa macho. Chimba udongo mpaka unuke udongo, utupe mbali, tia ndimu, jaza kichuguu, piga, sugua. Mkeka uanikwe juani, na vikwembe vifuliwe pamoja na gunia la mbwa.

Wewe mwanangu, kila asubuhi simama mlangoni umgombeze kwa jina lake, kwa nguvu, kama baba yako alivyokuwa akifanya. Na kama jina lake ni lingine, nimelibadili. Tangu leo anaitwa Nisingizie.

Kibuyu cha mama yenu kijazwe asubuhi, jioni kiwe kitupu. Muuza chumvi atapita kwenu, nami nimemwambia akitazame ndani kabla hajaniletea salamu.

Sasa mpeni maji, anywe mbele yenu.

Mama yenu mdogo,
mke mwenza aliyebaki Kasongo